Aliitwa Kondoo, Kumbe ni wa Jamaa ya Ng'ombe

Tuseme jirani yako amechinja mbuzi na kondoo siku moja. Amekwisha kuwachuna, ameondoa vichwa, mikia na kwato, na nyama imetundikwa mtini. Je, waweza kusema huyu ni mbuzi na yule ni kondoo? Mchinjaji hodari atajua. Lakini mpe mifupa mitupu, tena iliyokaa chini ya ardhi miaka mia mbili, naye atakuna kichwa. Usimcheke. Hata wataalamu waliosomea mifupa maisha yao yote husita mbele ya mfupa wa mbuzi na wa kondoo, na mara nyingi huandika tu katika daftari zao "mbuzi au kondoo", wakaendelea na kazi.

Na hao ni wanyama tunaowafuga wenyewe. Walipokuwa hai hata mtoto wa miaka mitatu aliwatambua: mbuzi mkia wake husimama, kondoo mkia wake huning'inia. Lakini nyama huoza, ngozi huoza, na manyoya pia. Kinachobaki ni mifupa, na mfupa hausemi jina lake.

Basi sasa fikiri juu ya mnyama ambaye hakuna mtu wa leo aliyemwona, wala babu yake, wala babu wa babu yake. Alikufa zamani mno, mifupa yake ikageuka jiwe, na siku moja mvua ikala udongo, pembe yake ikachungulia nje. Huyo atawekwa katika jamaa gani? Nani atakuwa ndugu yake? Hapa nitakueleza habari za mnyama mmoja wa namna hiyo, aliyechimbwa katika nchi yetu. Alipewa jina la kondoo, na jina hilo analo mpaka leo, ingawa imekwisha julikana kwamba hakuwa kondoo hata kidogo. Tena shauri lake halijaisha, na linawahusu ng'ombe waliomo zizini mwako.

TWENDE KWANZA NJIRO

Ukifika Arusha mwanzoni mwa mwezi wa Agosti, usikose kwenda viwanja vya Themi kule Njiro, panapofanyika maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Wengi hukimbilia matrekta na mashine. Wewe nenda kwenye mabanda ya ng'ombe, usimame mbele ya dume mkubwa, umtazame kichwa. (Akiwa hana pembe, tafuta mwingine, siku hizi ng'ombe wengi wa maziwa huondolewa pembe wakingali ndama.) Angalia pembe zinapoanzia. Utaona zimetoka juu kabisa, nyuma ya kichwa, kwenye kona mbili za utosi, na kati yake na macho kuna paji la uso refu na pana. Sasa mkumbuke nyati, ambaye wakaao chini ya Mlima Meru wanamjua vizuri. Pembe za nyati dume zimekutana katikati ya paji la uso, zimefanya kama kofia ya chuma. Ng'ombe hana kofia hiyo. Ushike sana jambo hili, maana tutalihitaji mbele.

Kutoka Njiro mpaka mahali alipochimbwa mnyama wetu si mbali sana kwa gari. Unapita Makuyuni na Mto wa Mbu, unapanda Karatu, unafuata ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kisha unateremka upande wa Serengeti mpaka ukute bonde kavu, lenye kina cha mita 90 hivi, lililokatwa na maji ndani ya tabaka za udongo na majivu ya volkano. Ndipo Olduvai. Wamasai hupaita Oldupai, kwa jina la mkonge-mwitu uotao pale. Wajerumani walisikia vibaya wakaandika Oldoway, na kosa hilo, kama utakavyoona, limekaa ndani ya jina la mnyama wetu.

Tabaka zile ni kama kurasa za kitabu. Ya chini ni ya zamani kuliko ya juu, na majivu ya volkano ndiyo yanayowawezesha wataalamu kuhesabu miaka. Mnyama wetu hupatikana hasa katika tabaka ya pili kutoka chini, ambayo umri wake ni zaidi ya miaka milioni moja. Siku hizo palikuwa na maji na nyasi, na wanyama wengi wenye kwato walikuja kunywa: jamaa za swala, jamaa za farasi, na hata jamaa ya twiga, mwenye mwili mnene na pembe kubwa, aitwaye Sivatherium.

JINA LA KIYUNANI NA KILATINI

Mwaka 1911, wakati nchi hii ilipokuwa chini ya Wajerumani, Profesa Wilhelm Kattwinkel alifika katika bonde hilo, akaokota mifupa iliyogeuka jiwe, akaipeleka kwao. Kati yake mlikuwamo mabaki ya farasi wa kale mwenye vidole vitatu katika kila mguu. Wenye elimu kule Berlin walistaajabu, na mwaka 1913 akaja Hans Reck, mtaalamu wa miamba na volkano. Alichimba pamoja na vibarua wa Kiafrika, ambao vitabu vingi havitaji majina yao ingawa majembe na vichwa vilivyobeba mizigo vilikuwa vyao. Mifupa ikapelekwa Berlin. Mwaka uliofuata vita vikazuka, kazi ikasimama.

Miaka ikapita. Mnamo mwaka 1928 ndipo Reck alipotoa maandishi yake juu ya mnyama mmoja mwenye pembe za ajabu. Mfupa wa ndani wa pembe moja tu waweza kufika mita moja, na mnyama alipokuwa hai mfupa huo ulivikwa gamba la pembe lililokwenda mbali zaidi. Pembe hizo zilitoka nyuma kabisa ya kichwa, zikiwa karibu karibu, zikatanuka kwenda nje kwa upinde mkubwa, kisha zikageuka kuelekea mbele. Reck akampa jina Pelorovis oldowayensis. Pelor ni Kiyunani, maana yake dubwana. Ovis ni Kilatini, ile lugha wazee wetu waliyoisikia Misani kila Jumapili, na maana yake ni kondoo. Neno la mwisho maana yake ni "wa Olduvai". Yaani: kondoo dubwana wa Olduvai.

Labda utauliza, kwa nini kila mnyama apewe majina mawili? Ni kama sisi wenyewe. Jina la kwanza ni la ukoo, na la pili ni la kwake ndani ya ukoo huo. Ng'ombe wa Ulaya asiye na nundu ni Bos taurus, ng'ombe mwenye nundu ni Bos indicus. Wote wawili ni wa ukoo wa Bos. Basi anayempa mnyama jina la ukoo hatoi sifa tu. Anatangaza undugu. Kumwita mnyama ovis ni kusema: mama yake na mama wa kondoo walitoka nyumba moja.

Kuwapanga wanyama kwa kwato si jambo geni kwako. Katika Kitabu cha Walawi wanyama wanatengwa kwa alama mbili: kwato zilizogawanyika, na kucheua. Nguruwe anayo alama ya kwanza lakini hana ya pili. Kwa hiyo hahesabiwi pamoja na ng'ombe na mbuzi. Angalia jinsi alama moja isivyotosha. Mtaalamu wa mifupa naye hutafuta alama nyingi, ila swali lake si lile la kula au kutokula. Yeye anauliza nani amezaliwa na nani.

Hapo ndipo penye mtego. Alama nyingine ni kama nguo. Watu wawili wanaweza kuvaa kanzu za namna moja sokoni wala wasiwe na babu mmoja, na ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuvaa tofauti kabisa. Pembe ni nguo. Katika ukoo mmoja pembe hurefuka, hufupika, hupinda mbele au nyuma, hata hutoweka, kwa muda usio mrefu sana. Mtazame ng'ombe wa Ankole mwenye pembe kama matawi ya mti, kisha umtazame zebu wetu mwenye pembe fupi za kushikwa kwa kiganja. Pembe zao hazifanani, na bado ni ndugu.

Lakini kabla hujamlaumu Reck, sikiliza kisa cha Bwana Georges Cuvier wa Ufaransa, aliyesifiwa kupita wote wa siku zake kwa kumtambua mnyama kwa mfupa mmoja. Miaka ya 1820 aliuchunguza mfupa wa kidole kilichobeba ukucha mkubwa, uliochimbwa Ujerumani. Akasema huyu ni kakakuona mkubwa ajabu. Mwaka 1833 meno ya mnyama wa kale kutoka kulekule Ujerumani yakapewa jina Chalicotherium. Hayo yalikuwa meno ya mla majani, wa upande wa farasi na kifaru. Ilipita miaka mingi kabla watu hawajang'amua kwamba ukucha ule na meno yale ni ya mnyama wa namna moja! Alikuwa wa jamaa ya farasi, lakini mahali pa kwato alikuwa na makucha. Na ndugu yake, Ancylotherium, aliishi huku kwetu. Mabaki yake yamepatikana Laetoli na Olduvai. Kwa hiyo katika orodha ya wanyama wenye kwato yumo mmoja asiye na kwato. Ukikuta mtu anasema kupanga wanyama ni kazi rahisi, mwambie habari hiyo.

MENO YALISEMA

Reck alirudi Olduvai mwaka 1931 pamoja na Louis Leakey, aliyezaliwa Kenya, mwana wa mmisionari wa Kiingereza. Reck akafariki mwaka 1937, lakini Leakey na mkewe Mary waliendelea kuchimba. Katika miaka ya 1950 walifanya kazi mahali paitwapo BK, yaani Bell's Korongo. (Neno letu "korongo" limeingia hivyo katika majina ya Olduvai, nalo husomwa katika vitabu vya dunia nzima.) Hapo BK walikuta mifupa ya Pelorovis wengi ndani ya udongo wa mfinyanzi, na vyombo vya mawe karibu nayo. Leakey akafikiri kwamba watu wa kale waliwasukuma wanyama hao matopeni, wakanasa, wakauawa. Katika karne hii wachimbaji wengine walirudi BK, miongoni mwao Profesa Audax Mabulla, Mtanzania, wakaupima upya ushahidi huo. Walikuta alama za kukatwa kwa mawe makali juu ya mifupa ya wanyama wakubwa. Kwa hiyo nyama yao iliwahi kuliwa na watu, yapata miaka milioni moja na laki tatu iliyopita, kabla hakujakuwa na kisu cha chuma wala chungu.

Faida ya mifupa ile ya BK kwa shauri letu ilikuwa hii: sasa walikuwapo wanyama wengi, wala si mmoja. Mwenye kuona fuvu moja hawezi kujua kama upinde wa pembe ni desturi ya ukoo au kilema cha mnyama yule tu. Mwingereza Alan Gentry aliwachunguza, na mwaka 1967 Makumbusho ya Uingereza huko London yakachapa maandishi yake. Hakuishia kwenye pembe. Aliangalia fuvu, meno na mifupa ya miguu, akamtoa mnyama huyu upande wa kondoo na mbuzi, akamweka katika kundi la ng'ombe na nyati.

Wewe mwenyewe waweza kujifunza alama mojawapo itumiwayo na wataalamu. Siku ukipata taya la chini la ng'ombe aliyechinjwa, lioshe, ulitazame gego la nyuma upande wa shavu. Jino hilo lina nguzo nene mbili zilizosimama pamoja. Katikati yake, penye mfereji, utaona kinguzo chembamba kilichobanwa hapo kama mtoto kati ya wazazi wawili. Sasa chukua taya la mbuzi au la kondoo, uangalie mahali palepale. Kinguzo hicho hutakikuta. Mkumbushe na mwanao alitazame, maana ni somo lisilohitaji ada. Meno hayabadiliki upesi kama pembe. Ndiyo maana mwenye kutafuta undugu huyaamini zaidi.

Basi, mbona jina la kondoo halikufutwa? Kwa sababu ya sheria. Wataalamu wa dunia nzima wamekubaliana kwamba jina lililotangazwa kwanza kwa utaratibu ndilo litakalodumu, hata kama maana yake haifai. La sivyo kila mwenye akili mpya angebadilisha majina, na vitabu visingeelewana. Hata kijijini yupo mtu aitwaye Masika ingawa alizaliwa kiangazi, kwa kuwa alirithi jina la babu yake, wala hakuna anayemdai abadilishe. Pelorovis akabaki Pelorovis.

NDUGU WA NANI KATI YA WAWILI?

Hapo wengi wangeridhika. Lakini kusema "ng'ombe na nyati" ni kama kusema mtu ni wa kabila fulani. Bado hujasema ukoo wake. Je, alikuwa karibu na nyati au karibu na ng'ombe?

Shauri hili lilichafuka kwa sababu ya mnyama mwingine. Mwaka 1851 Mfaransa Duvernoy alieleza juu ya nyati wa kale mwenye pembe ndefu, ambaye mabaki yake yalitoka Algeria, akampa jina antiquus, yaani "wa kale". Huyu hakuisha zamani sana. Watu wa Sahara walimchora juu ya miamba, na yamkini aliishi mpaka miaka elfu chache tu iliyopita. Naye alikuwako Afrika nyingi, pamoja na pande zetu. Kwa kuwa wote wawili walikuwa wakubwa na wenye pembe ndefu, mwaka 1978 Gentry na mkewe Anthea wakamwingiza antiquus katika ukoo wa Pelorovis. Tangu hapo watu wakazoea kumwita mnyama wa Olduvai "nyati mkubwa".

Mwaka 2007 Mhispania Bienvenido Martínez-Navarro na wenzake wakaitazama habari yote upya. Wakasema: hawa wawili si ndugu wa karibu, ni ile habari ya kanzu tena. Yule antiquus ni wa ukoo wa nyati wetu wa leo, Syncerus, hata kama pembe zake zilirefuka. Lakini mnyama wa Olduvai pembe zake zinatoka nyuma ya kichwa, kwenye utosi, wala hana kofia. Unakumbuka yule dume wa Njiro? Ndivyo walivyosema: hivi ndivyo alivyo ng'ombe. Wakaendelea mbali zaidi, wakadai kwamba Pelorovis ndiye mzee ambaye ukoo wa Bos umetoka kwake, na kwa hiyo afaa kuitwa Bos oldowayensis.

Ikiwa ni kweli, si jambo dogo. Ng'ombe wote wa dunia, wa Masai, wa Uholanzi na wa India, wangekuwa na chimbuko lao huku Afrika Mashariki. Ushahidi wao ni kama mnyororo. Pete ya kwanza ni Pelorovis turkanensis wa upande wa Ziwa Turkana, Kenya, aliyeelezwa na John Harris mwaka 1991, naye ni mzee kuliko wa Olduvai. Ya pili ni wa Olduvai mwenyewe. Ya tatu ni fuvu lililochimbwa Buia, Eritrea, lenye umri wa miaka milioni moja hivi, ambalo Martínez-Navarro na wenzake walilipa jina Bos buiaensis mwaka 2010. Ya nne ni fuvu la Wadi Sarrat, Tunisia, la miaka laki saba hivi, ambalo mwaka 2014 walilitangaza kuwa la ng'ombe-mwitu wa kale, Bos primigenius. Huyo wa mwisho tunajua habari zake: ndiye aliyefugwa na watu, akazaa ng'ombe wa leo, na wa mwisho wa porini alikufa Poland mwaka 1627.

Mnyororo ni mzuri, lakini wapo wasioukubali, nao wana sababu. Wanasema: wapimeni wanyama walio hai kwa damu, yaani kwa zile chembe za urithi. Ndugu wa karibu wa ng'ombe ni akina nani? Ni yaki wa Tibet, ni gauri wa misitu ya India, ni baisani wa Marekani na Ulaya. Hakuna hata mmoja wa Afrika. Nyati wetu yuko katika mlango mwingine, pamoja na nyati wa maji wa Asia. Basi, wasema hao, kama jamaa zote za karibu ziko Asia na kaskazini, ni rahisi zaidi kudhani kwamba nyumba ya mama ilikuwa hukohuko, na kwamba pembe zilizotoka nyuma ya kichwa cha Pelorovis ni kanzu nyingine tena. Wengi katika vitabu vyao bado huandika Pelorovis.

Mimi naona pande zote mbili zina nguvu, lakini hoja ya damu ni nzito. Fuvu laweza kufanana na fuvu kwa bahati. Ni vigumu zaidi kwa urithi wote wa mwili kufanana kwa bahati. Hata hivyo, damu ya walio hai haiwezi kusema lolote juu ya ukoo uliokwisha kabisa. Kama Pelorovis aliacha wazao, wamo ndani ya Bos. Kama hakuacha, hakuna wa kupimwa.

Hapa nataka uondoe kosa moja ambalo ni rahisi kulifanya. Hata kama wale wa mwaka 2007 wana haki, haina maana kwamba babu zetu walimkamata Pelorovis wakamfuga. Kufuga ng'ombe kulianza miaka elfu kumi na kidogo iliyopita katika nchi za mito Frati na Tigri, na zebu mwenye nundu alifugwa kwanza katika bonde la mto Indus, yapata miaka elfu nane iliyopita. Huku kwetu walifika baadaye, wakachanganyika. Zebu aliye zizini mwako ana mababu waliotembea kutoka Asia. Swali lililobaki ni kama mababu wa mababu hao, miaka milioni moja nyuma, walitoka hapa kwanza.

UKIKUTA MFUPA

Jambo moja la kazi. Mvua kubwa zikipita, makorongo huonyesha mifupa mipya, na si Olduvai peke yake. Pengine wewe mchungaji, au mtoto wako, ndiye atakayeiona. Mfupa uliogeuka jiwe ni mzito kuliko unavyodhani, na ukigongwa hulia kama jiwe. Usiuchomoe. Nimeeleza juu ya tabaka na majivu: mfupa uliotolewa mahali pake umepoteza umri wake, na mfupa usio na umri hausaidii kumpata ndugu wala babu. Weka alama mahali hapo, umwambie mwenyekiti wa kijiji, habari zifike Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba vitu hivyo bila kibali. Wala usimwuzie mgeni. Mifupa ya kutosha imekwisha kuvuka bahari, na mwanafunzi wa Arusha anayetaka kuiona ile ya Reck itambidi kwanza atafute nauli ya Ulaya. Kwa ile iliyobaki nchini, Olduvai penyewe pana jumba jipya la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2017, na watoto wa shule hupelekwa kuliona.

Je, shauri la Pelorovis litakatwa lini? Chembe za urithi hazidumu miaka milioni katika joto la nchi yetu. Lakini kuna kitu kingine ndani ya mfupa na jino, nacho ni protini, ambayo hudumu zaidi. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba wamepata mabaki ya protini katika ganda la yai la mbuni kutoka Laetoli, lenye umri wa miaka milioni 3.8. Na mwaka 2019 wengine walitoa protini katika jino la kifaru wa kale aliyechimbwa Dmanisi, katika nchi ya Georgia, mwenye umri wa miaka milioni 1.77, wakaweza kumweka mahali pake katika ukoo wa vifaru. Huyo ni mnyama mwenye kwato, tena ni mzee kuliko wale wa BK. Tofauti ni kwamba Georgia kuna baridi, na Olduvai jua ni kali, nalo huharibu protini upesi. Lakini magego ya Pelorovis ni mengi katika makabati ya makumbusho, na mengine yangali ardhini.